Habari za Shule na Wazazi wa Masese

Wasomaji wa gazeti letu, jambo ninalotaka kulieleza laonekana dogo, lakini lina mambo makubwa ndani yake. Ni zile habari ambazo shule ya msingi huwapelekea wazazi: siku ya kufungua na ya kufunga, mkutano, dawa, mtihani, na fedha. Watu wengi hudhani kwamba kazi hiyo ni kuandika karatasi na kuibandika ukutani, basi, imekwisha. Mimi nasema kwamba shule ambayo wazazi wake hawapati habari ni kama nyumba isiyo na mlinzi. Nitatoa mifano yangu katika nchi yetu ya Uganda, na hasa katika Masese, mahali ninapopajua.

Masese ni sehemu ya Jinja, kando ya Ziwa Victoria. Jinja ilipewa cheo cha jiji tarehe 1 Julai 2020, lakini maisha ya pwani ya ziwa hayakubadilika kwa sababu ya cheo. Wasoga ndio wenyeji. Wako pia watu waliotoka Karamoja, na wengine wengi waliokuja kutafuta kazi ya viwanda au kazi ya uvuvi. Mvuvi wa dagaa, ambao sisi huku twawaita mukene, huingia ziwani usiku na taa yake, na mchana hulala. Mkewe huanika samaki na kuwapeleka sokoni. Basi mkutano wa wazazi ukiitwa saa nne ya asubuhi, baba yu usingizini na mama yu sokoni. Halafu husemwa kwamba wazazi wa Masese hawapendi elimu! Hapana, wanaipenda, ila habari na saa yake hazikuwafaa.

Nitaanza na fedha, maana hapo ndipo tulipofundishwa somo kubwa. Mwaka 1996 wachunguzi walizitembelea shule 250 za msingi za serikali katika Uganda. Walitaka kujua kama fedha ambazo Serikali ilitoa kwa ajili ya matumizi ya shule, mbali na mishahara ya waalimu, zilifika. Walilinganisha vitabu vya hesabu vya Serikali na vitabu vya shule zenyewe. Waliona kwamba katika miaka ya 1991 hata 1995, katika kila shilingi 100 zilizotolewa, shule zilipata kadiri ya shilingi 13 tu. Shule nyingi hazikupata kitu. Nyingine zote zilishikwa njiani, katika ofisi za wilaya. Na wakati huo huo wazazi walikuwa wakichanga fedha zao ili shule ziendelee.

Kwa nini hawakulalamika? Kwa sababu hawakujua kwamba kuna fedha iliyotumwa. Mtu hawezi kudai kitu ambacho hakijui. Basi Serikali ikaanza kutangaza katika magazeti fedha zilizopelekwa kila wilaya, katika New Vision na pia katika magazeti ya lugha zetu, kama Bukedde na Etop. Tena kila shule ikaamriwa kubandika tangazo la fedha ilizopokea, mahali ambapo watu wote waweza kuona. Kufika mwaka 2001 shule zilikuwa zikipata zaidi ya shilingi 80 katika kila 100. Waliolichunguza jambo hilo, Ritva Reinikka na Jakob Svensson, waliona pia kwamba shule zilizo karibu na mahali panapouzwa magazeti zilipata nafuu zaidi kuliko zilizo mbali. Wataalamu wengine wamejibu kwamba si magazeti peke yake, maana Serikali ilitengeneza mambo mengine ya fedha katika miaka hiyo. Huenda ni kweli. Lakini hapana mtu anayesema kwamba ni afadhali wazazi wasijue.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ada ya masomo ilipoondolewa mwaka 1997, watoto wa shule za msingi waliongezeka kutoka kama milioni 3 hata zaidi ya milioni 5. Kila mtoto wa darasa la 1 mpaka la 3 aliwekewa shilingi 5,000 kwa mwaka, na wa darasa la 4 mpaka la 7 shilingi 8,100. Tuseme shule ilikuwa na watoto 300 wa chini na 200 wa juu. Wa chini waliiletea shule shilingi 1,500,000, na wa juu shilingi 1,620,000. Jumla ni shilingi 3,120,000. Viwango vimebadilika tangu hapo, lakini njia ya kuhesabu ni ile ile, na mama anayeuza samaki kila siku huijua kuliko sisi wanafunzi. Anachohitaji ni kuambiwa tarakimu mbili tu: watoto ni wangapi, na kila mmoja amewekewa shilingi ngapi.

Sasa tutazame afya. Sisi tunaokaa kando ya ziwa twaujua ugonjwa wa kichocho. Wadudu wake hukua ndani ya konokono wa majini, kisha hutoka na kuingia katika ngozi ya mtu anayeoga, anayechota maji au anayevuta nyavu. Katika ziwa letu hasa ni kile kinachodhuru matumbo na ini. Tangu mwaka 2003 Serikali ina mpango wa kuwapa watoto vidonge shuleni. Mtoto husimamishwa kando ya fimbo iliyotiwa alama, na urefu wake huonyesha vidonge atakavyomeza. Dawa hiyo ni nzuri, lakini ni chungu, na mtoto akiimeza bila kula kwanza aweza kuumwa na tumbo, kuona kizunguzungu, hata kutapika.

Fikiri basi mzazi ambaye hakuambiwa neno. Asubuhi mtoto ametoka mzima, tena bila kifungua kinywa. Jioni arudi akitapika, na asema, “Tumepewa dawa shuleni.” Je, mzazi huyo atafikiri nini? Atasema wamemtilia mwanawe sumu. Kesho uvumi umekwisha kuzunguka pwani nzima, na siku nyingine ya dawa watoto watafichwa nyumbani, nao watabaki na wadudu wao. Karatasi moja ya mistari mitano ingezuia hayo yote: siku ya dawa ni fulani, ni dawa ya kichocho, mtoto ale kwanza, akiona kizunguzungu si ajabu na kitapita, na mwenye swali amwone mwalimu fulani.

Habari ya tatu ni mtihani wa mwisho wa darasa la 7. Masomo ni manne: Kiingereza, hesabu, sayansi, na maarifa ya jamii. Katika kila somo mtoto hupewa daraja kutoka 1 mpaka 9, na 1 ndiyo bora. Kisha madaraja manne hujumlishwa. Kwa hiyo mtoto aliyefanya vizuri kabisa ana jumla ya 4, na aliyeshindwa kabisa ana 36. Anayepata kutoka 4 hata 12 yu katika kundi la kwanza. Mzazi asiyeelezwa hayo aweza kumsifu mwenye 30 na kumchapa mwenye 10, maana katika mambo yote ya dunia yake, samaki na shilingi, kingi ni bora kuliko kichache.

Tukiisha kujua habari zenyewe, tutazame njia zinazopitia. Njia ya zamani ni kumpa mtoto barua. Ni njia rahisi, lakini ina ila mbili. Kwanza, barua inayomwita baba kwa sababu ya utoro wa mtoto hupewa yule mtoro aibebe! Si ajabu kwamba hupotea njiani, au huanguka majini. Pili, barua nyingi zaandikwa kwa Kiingereza. Mzazi asiyekisoma humwita mtoto yule yule amfasirie, na hapo mtoto amekuwa karani na hakimu wa kesi yake mwenyewe. Tangu mwaka 2007 mtaala wetu wataka watoto wa madarasa matatu ya kwanza wafundishwe kwa lugha ya kwao. Ikiwa mtoto wa miaka saba afundishwa kwa Kisoga ili aelewe, kwa nini mama yake aandikiwe kwa Kiingereza? Na kwa wale wasiojua Kisoga, Kiswahili kipo. Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na pwani ya Masese watu wa makabila mbalimbali hukitumia katika biashara bila kungoja katiba.

Njia ya pili ni ubao wa matangazo. Huo ni mzuri ukiwa karibu na lango, usomwe na apitaye. Lakini ukiwekwa ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu, husomwa na mwalimu mkuu. Njia nyingine ni matangazo ya kanisani na msikitini, kipaza sauti cha mtaa, redio, na siku hizi simu ya mkononi. Kila moja ina watu wake, na kila moja ina watu isiowafikia.

Jambo hilo lilionekana wazi wakati wa ugonjwa wa korona. Shule zote za Uganda zilifungwa tarehe 20 Machi 2020, na ingawa madarasa mengine yalirudi kwa muda, hazikufunguliwa kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Wanafunzi zaidi ya milioni 15 walikaa nyumbani. Masomo yalitolewa katika redio, televisheni na magazeti. Lakini nyumba isiyo na redio haikupata somo, wala haikujua ni lini somo litatolewa. Watoto wengine walizoea kazi ya ziwani au ya sokoni, na shule zilipofunguliwa hawakurudi. Hapo nchi nzima iliona kwamba kamba inayofunga nyumba na shule ni habari, na kamba hiyo ikikatika mtoto huchukuliwa na maji.

Mimi nimewasomea majirani barua nyingi za shule, kwa Kisoga na kwa Kiswahili. Nimeona jambo moja: nikiisha kusoma, msikilizaji huuliza swali ambalo barua haikulijibu. Barua yasema, “Kila mzazi alete mchango wa chakula.” Mama auliza, “Nisipokuwa nacho, mwanangu atafukuzwa?” Jibu lake limo katika Sheria ya Elimu ya mwaka 2008. Sheria hiyo yasema kwamba chakula cha mtoto ni juu ya mzazi. Lakini pia yasema kwamba katika shule za elimu ya bure mtoto asikataliwe masomo kwa sababu mzazi wake hakulipa mchango. Maneno hayo mawili yakiandikwa pamoja, mama atajua wajibu wake na haki ya mwanawe. Likiandikwa moja tu, ataona haya, na mtoto atabaki nyumbani kimya kimya.

Kwa hiyo nadhani kwamba habari haijafika kwa sababu imebandikwa. Imefika wakati mzazi ameielewa na amepata mahali pa kuuliza. Basi natoa mashauri haya kwa shule za msingi za kwetu:

Kwanza, barua moja iwe na jambo moja, kwa maneno mafupi, katika lugha ambayo mzazi huisema.

Pili, chini yake paachwe nafasi ya swali la mzazi, na jina la mwalimu atakayejibu.

Tatu, fedha zilizopokewa na matumizi yake ziandikwe langoni kila muhula, na wajumbe wa wazazi katika Kamati ya Usimamizi wa Shule wazieleze kwa mdomo, hata kwa wasiojua kusoma.

Nne, mikutano ifuate saa za watu. Penye wavuvi, alasiri ni bora kuliko asubuhi.

Tano, barua ya mashitaka juu ya mtoto isichukuliwe na mtoto mwenyewe!

Na sisi wanafunzi wa shule za sekondari tusidhani kwamba kazi hii ni ya wengine. Wazazi wetu walinyimwa fedha za shule zao miaka mingi kwa kuwa hesabu ilikaa katika vitabu vya watu wengine. Leo kalamu iko mikononi mwetu. Likizo ijayo, kila mmoja wetu apite penye ubao wa shule ya msingi iliyo karibu na kwao, asome yaliyoandikwa, kisha aende akawaeleze majirani. Na wakimwuliza swali asilolijua, alichukue kwa mwalimu mkuu, kwa adabu, awarudishie jibu.