Kutafuta Hitilafu: Mfano wa Roboti Irushayo Visahani

Kifaa alichokitengeneza mtoto kinapokataa kufanya kazi, walimu wengi hukimbilia kukirekebisha wenyewe. Kifaa hutengenea, lakini mtoto hubaki hajui kilichoharibika wala namna ya kukigundua. Katika makala haya tutaeleza utaratibu wa kutafuta hitilafu kwa kutumia mfano wa roboti zilizoundwa na wanafunzi.

Mwaka 2013, mashindano ya FIRST, yaliyoanzia Marekani mwaka 1992, yaliwataka wanafunzi wa sekondari waunde roboti za kurusha visahani vya plastiki ndani ya malango. Walipewa wiki sita hivi za kuunda. Mchezo ulichukua dakika 2 na sekunde 15, na roboti haikuruhusiwa kubeba zaidi ya visahani 4 kwa mara moja. Kwa hiyo kila kisahani kilichopotea kilikuwa hasara.

Katika roboti nyingi, mota ya umeme ilizungusha gurudumu kwa kasi, na kisahani kikasukumwa kipite baina ya gurudumu hilo na ukingo. Msuguano ulikirusha mbele na papo hapo ukakizungusha. Mzunguko huo ndio unaokituliza kisahani hewani. Kikiukosa, huyumba na kuanguka.

Tuseme kisahani cha kwanza kimefika langoni, na cha pili kikaanguka njiani. Mwanafunzi mwenye pupa atasema kuwa mota ni dhaifu, ibadilishwe. Lakini je, si mota hiyo hiyo iliyorusha cha kwanza? Kila kisahani hulipunguzia gurudumu kasi. Kinachofuata kikiingia kabla kasi haijarudi, hakina budi kupungukiwa na nguvu. Kulihakikisha jambo hili ni rahisi: tungoje kidogo kabla ya kurusha cha pili. Kikifika, sababu imejulikana. Tiba yaweza kuwa kungoja, au kutumia gurudumu zito zaidi, ambalo hupoteza kasi kidogo lakini huchelewa kuipata mwanzoni.

Iwapo visahani vyote vinaanguka karibu, tuanze kwa kupima betri, ambayo katika mashindano hayo ni ya volti 12. Ikiwa ni nzima na gurudumu lina kasi yake, yamkini linateleza juu ya kisahani. Basi tuusogeze ukingo karibu kidogo. Kisahani kikikwama, tuangalie kama nafasi ni finyu mno au kama kingo za kisahani zimechakaa. Kabla ya kutia mkono, ni sharti kuzima umeme na kungoja hadi gurudumu lisimame kabisa.

Utaratibu wenyewe una hatua nne:

1. Kueleza kilichoonekana, bila kubuni.
2. Kutaja sababu inayoweza kueleza yote yaliyoonekana.
3. Kubadili jambo moja tu, kisha kujaribu tena.
4. Kuandika matokeo, hata yasipopendeza.

Hatua ya tatu ndiyo husahauliwa mno. Wanafunzi wakibadili betri na kusogeza ukingo kwa pamoja, roboti yaweza kupona, lakini hawatajua ni lipi lililoiponya. Ikiugua tena, wataanza upya.

Mwalimu wa shule ya msingi hahitaji roboti ili afundishe hayo. Betri, waya na balbu ndogo isiyowaka vinatosha. Badala ya kuikaza balbu yeye mwenyewe, na aulize: Umeona nini? Unadhani ni kwa nini? Tutajuaje? Kisha anyamaze, ajizuie mikono, ampe mtoto nafasi ya kujaribu na kukosea. Kipindi kitarefuka, na huenda balbu isiwake siku hiyo. Hata hivyo, mtoto atakayeiwasha mwenyewe kesho atakuwa amejifunza jambo litakalomfaa hata pale ambapo mwalimu hayupo.