Cheti cha Baraza: Habari ya Ndoa Inapovunjika



Mama mmoja alivuka ziwa kutoka Nansio hata Mwanza, na barua ameifunga katika pindo la khanga yake. Barua ile iliandikwa na wazee wa kanisa la kwao huko Ukerewe, wakaipiga mhuri, nayo ilisema kweli tupu: ya kuwa mumewe, akaaye mjini Mwanza, amempiga mara nyingi, ya kuwa wazee wamewaonya, na ya kuwa mapatano hayakupatikana. Alipofika mahakamani karani aliisoma, akaikunja, akamrudishia. "Hiki si cheti cha baraza," akamwambia. Mama yule akarudi Ukerewe kwa meli, na nauli imekwisha, wala hakujua amekosa nini.

Twaandika habari hii kwa sababu si yeye peke yake aliyerudishwa hivi. Walimu wetu huulizwa habari za talaka, nao mara nyingi hujibu kwa kukisia, maana ni neno ambalo Wakristo hawapendi kulitaja. Sisi nasi hatuandiki ili kumfundisha mtu kuivunja nyumba yake. Lakini ziko nyumba zilizokwisha kuvunjika, na waliomo ndani yake wapotea kwa kutoijua njia.

Na tuanze na habari ya ng'ombe, maana hapo ndipo wengi wakoseapo. Katika Usukuma tangu zamani, ng'ombe wa mahari walipohesabiwa na kurudishwa mbele ya wazee, watu walisema ndoa imekwisha, na kila mtu akashika njia yake. Hata leo wako wasemao hivyo. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyoziweka chini ya sheria moja ndoa zote za Tanzania Bara, za kanisani, za Kiislamu, za serikali na za kimila, yasema kwamba ndoa iliyofungwa nchini humu hudumu mpaka mmoja afe au mahakama itoe amri. Kurudisha ng'ombe hakuifungui. Basi mwanamume aliyeoa kanisani, akarudishiwa ng'ombe wake wote hata ndama wa mwisho, kisha akaoa mwingine, ndoa yake ya pili ni batili, na yule wa kwanza yu mkewe bado. Mara nyingi jambo hili halijulikani mpaka siku ya mirathi, wanawake wawili wakikutana matangani.

Njia ya sheria haianzi mahakamani, yaanza barazani. Kila kata yapaswa kuwa na Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, lenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Kazi yake ni kuwaita mume na mke, kuwasikiliza, na kujaribu kwa moyo kuwapatanisha. Likishindwa, huandika cheti, ambacho watu wa mahakama hukiita fomu namba 3, na ndani yake hueleza lililoliona. Cheti hicho hufuatana na maombi ya talaka, nacho hakipaswi kuwa na umri uliopita miezi 6 siku ya kuyapeleka maombi. Wengine hukipata, wakakiweka sandukuni mwaka mzima wakingoja moyo utulie. Wakija kukitoa hakifai tena, hawana budi kuanza upya.

Yule mama wa Ukerewe alikosea mambo mawili. Barua yake ilitoka kwa wazee wa kanisa, na wazee hao, ijapokuwa ni watu wema, hawakuwa baraza la sheria. Waziri aweza kuiteua kamati ya jumuiya fulani, kama vile ya dini, iwe baraza la watu wake, lakini si kila kikao cha wazee kimeteuliwa hivyo. Mwalimu anayeandika barua ya namna ile na aulize kwanza: je, sisi tumeteuliwa? Kosa la pili lilikuwa la mahali. Pasipo baraza la jumuiya, baraza lenye mamlaka ni lile la kata anamokaa mume, akiwa yu nchini. Mama alikuwa amekimbilia kwa wazazi wake, kumbe baraza lake lilikuwa ng'ambo ya maji, Mwanza.

Tena lisidhaniwe kuwa jambo dogo. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani, ilipokaa Mtwara, ilisema wazi kwamba maombi ya talaka yasiyo na cheti kilicho halali yamekuja kabla ya wakati wake. Shauri laweza kupita mahakama mbili, miaka ikaenda, kisha likaanguka kwa ajili ya karatasi moja.

Sheria hailazimishi njia ya baraza kwa kila mtu. Aliyeachwa na mwenzake, wala hajui aliko, hahitaji cheti. Vivyo hivyo ikiwa mwenzake aliitwa na baraza akakataa kusudi kuja, au amefungwa miaka 5 au zaidi, au ana ugonjwa wa akili usioponyeka. Na ziko sababu nyingine ambazo mahakama yaweza kuzipima. Ndoa isiyotimiza miaka 2, nayo, haipelekwi kuombewa talaka ila kwa ruhusa ya mahakama, kwa mtu aliye katika mateso yasiyo ya kawaida.

Maombi yaweza kupelekwa katika Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi, au Mahakama Kuu. Wengi huanza ile ya Mwanzo, maana i karibu. Hakimu hulitafuta neno moja: je, ndoa hii imevunjika hata haitengenezeki? Hata mume na mke wakikubaliana kuachana, hilo peke yake halitoshi. Hutazama uzinzi, ukatili, kumtelekeza mwenzi kwa miaka 3 au zaidi, na mengine. Na hapa twasema neno kwa waume: sheria hiyo hiyo yatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo. Asemaye "namfundisha mke wangu" hana sheria ya kumkinga.

Sasa mali. Twajua jinsi kazi igawanyikavyo ufukoni kwetu. Mume ana mtumbwi, nyavu na injini. Mke huanika dagaa mchangani tangu alfajiri, huwageuza, huwakimbia na mvua, huwapeleka Mwaloni kuuza. Nyumba ya bati ikisimama, yaandikwa jina la nani? Zamani mke aliyeachika alitoka na nguo zake. Sheria ya 1971 yaiamuru mahakama itazame mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi katika vitu walivyovichuma pamoja. Na mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kazi za nyumbani, za kupika na kulea, nazo ni mchango. Hii haina maana kwamba kila kitu hukatwa nusu kwa nusu. Lazima mtu aonyeshe alichofanya: risiti ya mabati, hati ya chama cha ushirika aliyopewa siku ya kuuza pamba, jirani aliyemwona akibeba mchanga. Karatasi hizi zitunzwe na wote wawili, hata wanaopendana. Tena maadamu ndoa idumu, nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani pasipo idhini ya mwenzi.

Watoto hawagawanywi kama ng'ombe. Litangulialo ni heri ya mtoto. Aliye chini ya miaka 7 hudhaniwa kuwa afaa kukaa na mamaye, isipokuwa pakionyeshwa sababu ya kutofanya hivyo. Lakini baba hapumziki, chakula, mavazi na shule vingali juu yake. Asiyeridhika na hukumu ana siku 45 za kukata rufaa.

Wako ambao kanisa lao haliruhusu talaka, nao hudhani hawana pa kukimbilia isipokuwa kuvumilia fimbo. Sivyo. Mahakama yaweza kutoa amri ya kutengana: ndoa ingalipo, hakuna aoaye wala kuolewa tena, lakini mtu halazimishwi kukaa na ampigaye, na habari ya mali yaweza kuamuliwa vilevile. Na Wakatoliki wakumbuke kwamba talaka ya serikali haiwafungulii ndoa yao ya kanisani. Kuhukumu kama ndoa ilikuwa batili tangu mwanzo ni kazi ya mahakama ya Kanisa, wala moja haishiki nafasi ya nyingine.

Yule mama alivuka tena baada ya mavuno ya mpunga. Baraza la kata ya mumewe lilimwita mume mara ya kwanza, asije. Mara ya pili alikuja, akasema maneno machache akiangalia chini, akaondoka. Wajumbe waliandika cheti siku ile ile. Mama akakifunga katika pindo lile lile la khanga, akashuka kwa miguu kwenda mahakamani, na karani safari hii akakipokea.