Kishikio cha ukanda wa bunduki kinapolegea, tatizo huwa kwenye mbao

BUNDUKI ya kuwindia hukaa begani muda mrefu zaidi kuliko inavyokaa mikononi. Mwindaji hutembea tangu alfajiri hadi jua la utosi, na katika saa zote hizo silaha yenye uzani wa kilo nne hivi huning'inia kwenye ukanda wa ngozi. Ukanda wenyewe hushikiliwa na skrubu mbili fupi, moja karibu na kitako na nyingine upande wa mtutu. Moja ikichomoka, bunduki huanguka chini, na ikiwa imeachwa na risasi ndani, mtu aliye karibu anaweza kupoteza maisha kwa sababu ya skrubu isiyotimia urefu wa kidole gumba.

Miaka kadhaa iliyopita, katika ranchi moja ya Laikipia, mwandishi wa makala haya alimwona mlinzi aliyefunga ukanda wa bunduki yake kwa utepe wa mpira wa baiskeli, akauzungusha kitakoni mara tatu. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba skrubu "imekataa kushika". Aliikaza kila asubuhi, na kila jioni aliikuta imelegea tena. Msimamizi wake alipoichomoa mbele yetu, ilitoka kwa vidole viwili tu, bila bisibisi, ikiwa imebeba unga mweusi wa mbao uliolowa mafuta.

Skrubu ile haikuwa na kosa. Meno yake yalikuwa makali kama siku ilipotoka kiwandani. Kilichokuwa kimekufa ni mbao iliyoizunguka, na hapo ndipo wengi hukosea: huitibu skrubu na kuiacha mbao.

Huenda msomaji akauliza bunduki za kuwindia zinatuhusu nini, ilhali uwindaji wa kujifurahisha ulipigwa marufuku humu nchini mnamo Mei 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ikaendelea kuuharamisha. Ni kweli. Hata hivyo, bunduki za aina hiyo zingalipo mikononi mwa wenye leseni, hasa katika mashamba makubwa na ranchi. Isitoshe, jirani zetu wa Tanzania wanaruhusu uwindaji wa leseni hadi leo, na huko mbeba bunduki hutembea siku nzima akiwa na silaha ya mteja begani.

Tuanze na jinsi kishikio kinavyoundwa. Kile cha nyuma, kilicho chini ya kitako sentimita sita hadi nane hivi kutoka mwisho, kwa kawaida ni skrubu ya mbao yenye kichwa kilichotobolewa tundu. Katika tundu hilo hupita pini ya pete ya ukanda. Kishikio cha mbele ni tofauti. Hakishikwi na mbao peke yake, bali ni bolti nyembamba inayopenya mbao na kukazwa kwa nati iliyofichwa chini ya mtutu.

Bunduki za risasi nzito, mathalani zile za .375 zilizobuniwa Uingereza mwaka wa 1912 na kupendwa mno na wawindaji wa Afrika Mashariki, mara nyingi hazina kishikio cha mbele kwenye mbao. Pete yake hufungwa kwenye mtutu wenyewe, mbele ya mahali mkono unaposhika. Sababu ni kwamba bunduki hizo hupiga teke, na kishikio kikiwa nyuma kidogo hukichana kidole cha mwenye kufyatua. Nayo ile bunduki ya kale ya Lee-Enfield, iliyobebwa na polisi wa akiba wengi nchini mwetu, ina kibati kitakoni kinachoshikwa na skrubu mbili za mbao badala ya moja. Skrubu mbili hugawana mzigo, na ndiyo sababu mojawapo bunduki hizo zimevumilia miongo mingi ya vumbi na kamba za katani.

Kwa nini basi mbao huchoka? Kwanza kabisa ni mvuto wa kando. Skrubu imeundwa kustahimili kuvutwa kuelekea nje, lakini bunduki iliyo begani haivuti hivyo. Hubembea. Kila hatua ya mbebaji huisukuma skrubu mbele na nyuma kama mtu anayeng'oa kigingi cha mbuzi, na kila msukumo huponda nyuzi chache za mbao kwenye mdomo wa tundu. Tundu hupanuka juu kwanza, kisha chini, hadi skrubu inabaki ikicheza kama jino la mtoto.

Kuna pia hali ya hewa. Vitako vya bunduki bora huchongwa kwa mti wa mjozi, ule uzaao jozi, ambao hustawi katika nchi zenye majira ya baridi. Mbao hiyo ikiletwa kwenye nyika kavu hupoteza unyevu na kunywea. Mvua za masika zikija hunyonya tena unyevu na kufura. Chuma hakinywei wala hakifuri kwa unyevu. Katika kunywea na kufura huko, meno ya skrubu na mbao huachana taratibu.

Fauka ya hayo, kuna kosa la mwenyewe. Pete ya ukanda ikianza kulia kwi-kwi, wengi huitilia mafuta ya bunduki. Mafuta hayo huteremka kwenye meno ya skrubu, huilainisha mbao, na hatimaye huifanya iwe kama mkate uliochovywa chaini. Unga ule mweusi wa Laikipia ulitokana na mazoea hayo.

Kabla ya kugusa lolote, bunduki sharti itolewe risasi zote. Ondoa komeo lake, tazama kwa macho na kupapasa kwa kidole chumba cha risasi, kisha weka risasi na komeo mahali pengine kabisa, ikiwezekana chumba kingine. Hili si la kuambiwa mara moja tu. Mtu anayeshughulika na kitako huigeuza bunduki juu chini, huibana kwenye jiliwa na kuielekeza huku na kule bila kufikiri.

Kisha uchunguze. Shika kishikio kwa vidole ukitikise. Kikizunguka bila kupanda wala kushuka, meno yameshakata mbao yote na hakuna kilichobaki cha kushika. Kikiyumba tu upande mmoja, huenda mdomo wa tundu pekee ndio uliopanuka. Ukiona mstari mwembamba unaotoka tunduni kufuata mkondo wa nyuzi za mbao, hiyo ni nyufa, na kazi imekuwa nyingine: ufa sharti ufunguliwe kidogo, utiwe gundi na kubanwa kwanza kabla ya kuwaza habari ya skrubu.

Dawa ya haraka inayojulikana na kila seremala ni kujaza njiti za kiberiti tunduni pamoja na gundi nyeupe, kisha kurudisha skrubu. Kwa bawaba ya kabati, sina ugomvi nayo. Kwa bunduki, haifai ila kwa kukufikisha nyumbani. Njiti hutengenezwa kwa mti laini, na hupondeka upesi chini ya mvuto wa kando. Dawa nyingine ni kutafuta skrubu nene zaidi. Hii hushika kwa muda, lakini mbao iliyobaki huwa nyembamba zaidi, na skrubu nene inayosukumwa kwenye tundu finyu ndiyo hasa inayopasua kitako.

Tiba ya kudumu ni kuitoa mbao iliyokufa na kuweka nyingine hai. Tundu la zamani hupanuliwa kwa drili hadi kipenyo cha milimita 10 hivi, na kina kilichopita urefu wa skrubu kidogo tu. Ili usitoboe kupita kiasi, funga karatasi ya kunata kwenye biti kuonyesha mahali pa kukomea. Kama mbao ina mafuta, isafishe kwa asetoni na pamba, uiache ikauke, urudie hadi pamba itoke safi. Gundi haishiki mbao yenye mafuta, hata ingekuwa ghali namna gani.

Baada ya hapo huchongwa kizibo cha mbao ngumu cha kuingia tunduni barabara. Mjozi wenyewe ndio bora. Mpingo, licha ya sifa zake, haufai hapa kwa kuwa una mafuta yake ya asili yanayoisumbua gundi.

Hapa pana jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulipuuza, nalo ni mwelekeo wa nyuzi. Katika kitako cha bunduki, nyuzi za mbao hulala kufuata urefu, kutoka begani kuelekea mtutu. Skrubu huingia kutoka chini na kuzikata kwa mkingamo, na meno yake hujishikiza katikati ya nyuzi hizo. Fundi akichonga kijiti cha mviringo cha kawaida na kukipigilia tunduni, nyuzi za kijiti husimama wima, sambamba na skrubu. Skrubu sasa inaingia kama msumari kwenye kichwa cha gogo. Meno huzikata nyuzi vipande vifupi, navyo hutoka kama unga. Kwa hiyo kizibo kichongwe kutoka ubavuni mwa ubao, si kutoka mwisho wake, kisha kitiwe tunduni nyuzi zake zikilala upande uleule wa nyuzi za kitako. Kazi hii huchukua dakika kumi zaidi, na ndiyo inayotenganisha tiba ya msimu mmoja na tiba ya miaka.

Gundi iwe ya epoksi, ile ya sehemu mbili ambayo mafundi wetu huiita Araldite, tena ile inayokauka polepole badala ya ile ya dakika tano. Paka ukuta wa tundu na kizibo chenyewe, kisukume taratibu ili hewa itoke, futa kinachofurika, uache kwa saa 24. Mwenye haraka asianze kazi hii siku ya mkesha wa safari.

Gundi ikishakauka, kizibo hukatwa na kusawazishwa na mbao kwa patasi kali na msasa, kisha tundu jipya hutobolewa. Upana wake ulingane na kiini cha skrubu bila kuhesabu meno. Njia rahisi ya kupima ni kuishika biti mbele ya skrubu dhidi ya mwanga: biti ikificha kiini lakini meno yakaonekana pande zote mbili, hiyo ndiyo kadiri yake. Biti isimame wima, kwani tundu likienda mshazari kichwa cha skrubu hakitakaa sawa juu ya mbao.

Skrubu ipakwe nta ya nyuki au sabuni kavu, kamwe si mafuta. Izungushwe kwa mkono, huku msumari uliopitishwa kwenye tundu la kichwa ukitumika kama usukani. Ikizidi kuwa nzito, irudishe nyuma nusu mzunguko kisha uendelee. Mwishowe tundu la kichwa litazame kushoto na kulia, ili pete ya ukanda ibembee mbele na nyuma bila kujipinda. Mbao mpya ipakwe mafuta ya kitani mara mbili tatu, kwa sababu mbao iliyo uchi hunyonya unyevu na kuanza safari ileile ya kufura na kunywea.

Kishikio cha mbele kikilegea, kwa kawaida kosa ni nati, wala si mbao. Ili kuifikia, mtutu na mitambo yake hutolewa kwenye mbao. Nati ikazwe na kutiwa tone la gundi ya kuzuia nati isifunguke. Jihadhari bolti isiwe ndefu kupita kiasi. Ncha yake ikiugusa mtutu, risasi zitakwenda kombo na mwenyewe atailaumu darubini. Na kwa kuwa mitambo imefunguliwa na kurudishwa, shabaha ijaribiwe upya katika uwanja ulioruhusiwa kabla ya bunduki kutegemewa.

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka yeyote anayetengeneza bunduki kama biashara awe amesajiliwa. Kwa hiyo mwenye leseni asiibebe bunduki yake kumpelekea seremala wa kando ya barabara, hata kama kazi yenyewe ni ya useremala mtupu. Atakuwa amemwingiza mwenzake matatani kwa ajili ya tundu moja.

Kazi ikimalizika, jaribio lake ni jepesi. Tandika godoro sakafuni, ning'iniza bunduki tupu kwa ukanda wake sentimita chache juu ya godoro hilo, kisha ivute na kuibembeza kwa nguvu kushinda ile ya mwendo wa kawaida. Ikistahimili, chora mstari mwembamba wa penseli unaoanzia kwenye ukingo wa kichwa cha skrubu hadi kwenye mbao. Baada ya wiki ya matembezi, tazama mstari huo. Ukiwa bado umenyooka, skrubu haijazunguka. Ukiwa umekatika, ichomoe uone unga unaotoka nayo ni wa rangi gani.