Meno Yametoka, Maumivu Yamebaki

Mama mmoja wa miaka 60 hivi aliletwa kwangu na mwanawe kutoka sehemu za Mutomo, kusini mwa Kitui. Upande wa kulia wa kinywa chake, chini, haukuwa na magego. Yalikuwa yameng'olewa matatu, moja baada ya jingine, katika muda wa miezi minane. "Daktari," aliniambia kwa shida, mkono ameuweka mbali na shavu, "meno yametoka lakini maumivu yamebaki."

Msomaji, huenda nawe una mzazi huko nyumbani, Mwingi, Kibwezi au Wote, anayelalamika vivi hivi kila unapokwenda kumjulia hali. Kabla hujamtumia pesa za kung'olewa jino lingine, soma haya.

Chanzo chake

Kila upande wa uso una neva moja kubwa inayopeleka ubongoni habari za mguso, joto na maumivu. Ina matawi matatu: la kwanza huenda kwenye paji la uso na jicho, la pili shavuni na taya la juu, la tatu taya la chini. Meno nayo hupata hisia kupitia matawi hayo mawili ya mwisho. Ndiyo sababu neva yenyewe inapougua, mgonjwa huapa kwamba ni gego. Madaktari huuita ugonjwa huu trijeminali nyuralgia.

Mara nyingi chanzo ni mshipa wa damu unaoibana neva hiyo karibu na shina la ubongo. Kila mpigo wa moyo huisugua, mpaka ganda lake la nje linachubuka kama waya wa stima uliotoka plastiki. Hapo mguso mdogo tu huleta cheche. Wanaopatwa zaidi ni watu waliopita miaka 50, na wanawake kuliko wanaume.

Jinsi ya kuutambua

Maumivu hupiga ghafla kama stima, kwa sekunde chache au hadi dakika mbili, kisha huisha, kisha hurudi. Kwa kawaida huwa upande mmoja wa uso. Huamshwa na mambo madogo: kunawa uso, kupiga mswaki, kuongea, kutafuna muthokoi, hata upepo wa baridi wa Julai kwenye vilima vya Mbooni.

Jino bovu haliumi hivyo. Hilo huuma kwa mfululizo, hupwita usiku, na huchokozwa na kitu cha moto, cha baridi au kitamu. Kwa hivyo ni vyema meno yaangaliwe kwanza, lakini yakikutwa mazima yasing'olewe kwa kubahatisha.

Nisiwalaumu wengine tu. Nilipokuwa daktari mchanga, nami nilimwandikia mgonjwa wa namna hii antibiotiki mara mbili kabla sijamuuliza swali moja rahisi: ni nini kinachoyaamsha maumivu?

Tiba

Panadol na dawa nyingine za kawaida hazifui dafu hapa. Dawa inayotangulia ni kabamazepini, ambayo wengi huijua kwa jina la Tegretol. Imetumika kwa ugonjwa huu tangu miaka ya 1960. Daktari huianza kwa kipimo kidogo, kwa kawaida miligramu 100 mara mbili kwa siku, kisha huongeza polepole. Wagonjwa wengi huona nafuu katika siku chache.

Kikwazo ni kwamba dawa hii ndiyo ile ile ya kifafa. Yule mama alianza kulala usingizi ndani ya juma moja. Mwezi wa pili jirani akatazama pakiti na kumwambia kwamba anatibiwa kifafa. Kwa aibu, akaitupa. Alipoletwa tena alikuwa amekonda kwa kuogopa kula.

Basi mweleze mzazi wako mapema: kifafa hana. Dawa hii hutuliza neva zinazopiga cheche ovyo, na ndiyo maana inafaa magonjwa yote mawili. Asiiache bila kumwuliza daktari.

Madhara yapo. Kizunguzungu na usingizi huweza kumwangusha mzee. Akitokwa na vipele mwilini, vidonda mdomoni au homa, asimeze tena, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Dawa hii pia hupunguza nguvu za vidonge vya kupanga uzazi na za baadhi ya ARV, kwa hivyo daktari aambiwe dawa zote anazotumia mgonjwa.

Pa kwenda

Anzia hospitali ya rufaa ya kaunti, mjini Kitui au Wote. Mgonjwa aliye chini ya miaka 40, anayeumwa pande zote mbili, aliyekufa ganzi usoni au anayepoteza kusikia ahitaji picha ya kichwa, kwani huenda pana uvimbe au ugonjwa mwingine. Dawa zikishindwa, kuna upasuaji wa kutenganisha neva na mshipa wa damu unaoibana, nao huwapa wengi nafuu ya miaka mingi. Kwa huo atatumwa kwa wataalamu Nairobi, kama walioko Hospitali ya Taifa ya Kenyatta.

Yule mama amerudia dawa yake na anakula vizuri, ingawa hutafunia upande wa kushoto, kwa kuwa wa kulia hauna magego. Ukienda nyumbani mwisho wa mwezi, muulize mzazi wako maumivu yake huamshwa na nini. Akikujibu kwamba ni maji ya kunawa uso, mpeleke kwa daktari kabla hajang'olewa jino lingine.