Mipaka ya madaraka: Nani anawajibika kwa mwananchi wa Kidichi?

MKULIMA wa viungo aishiye Kidichi, kisiwani Unguja, yuko chini ya mamlaka tatu kwa wakati mmoja: Serikali ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ) na Baraza la Manispaa la Magharibi 'A'. Asipofahamu mipaka ya kila moja, malalamiko yake huweza kuzunguka ofisi nyingi bila kupata jawabu.

Chimbuko la mgawanyo huo ni Hati za Muungano za Aprili 1964, zilizounganisha Jamhuri ya Tanganyika na Jamhuri ya Watu wa Zanzibar na kuorodhesha mambo 11 ya Muungano. Orodha hiyo imeongezwa mara kadhaa, na katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya mwaka 1977 imefikia mambo 22. Miongoni mwake ni mambo ya nje, ulinzi, polisi, uraia, uhamiaji, sarafu, kodi ya mapato, ushuru wa forodha na elimu ya juu.

Yasiyokuwemo katika orodha hiyo ni ya SMZ, ambayo ina Katiba yake ya mwaka 1984 na Baraza la Wawakilishi linalotunga sheria. Ardhi, kilimo, afya, maji, utalii, pamoja na elimu ya msingi na sekondari, vyote vimo mikononi mwake.

Kwa hiyo, mgogoro wa shamba la mikarafuu hauamuliwi Dodoma. Ardhi ilitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na wananchi wengi waligawiwa eka tatu tatu na SMZ. Hali kadhalika, hamamu ya Kidichi, ambayo Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850, iko chini ya SMZ kwa kuwa mambo ya kale si ya Muungano. Lakini mkulima huyo akitaka pasipoti, ataipata Idara ya Uhamiaji, ambayo ni chombo cha Muungano.

Mipaka hiyo haiko wazi daima. Mtoto wa Kidichi husoma sekondari chini ya wizara ya Zanzibar, lakini mtihani wa kidato cha nne hutungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Mkaazi huwa na kitambulisho cha Mzanzibari na pia kitambulisho cha Taifa. Umeme nao si jambo la Muungano, ilhali Shirika la Umeme Zanzibar hununua nishati kutoka TANESCO na kuivusha kwa waya upitao chini ya bahari hadi Fumba.

Ngazi ya tatu ndiyo iliyo karibu zaidi na mwananchi. Taka, usafi wa mazingira na masoko ni kazi za baraza la manispaa, ambalo lina madiwani. Sheha, anayemtambua mkaazi na kumwandikia barua, huteuliwa na wala hapigiwi kura. Tofauti hiyo ni muhimu: diwani anaweza kuwajibishwa katika sanduku la kura, sheha huwajibika kwa waliomteua.

Kubadili mgawanyo wa juu si jambo jepesi. Orodha ya mambo ya Muungano haiguswi bila kuungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge kutoka Tanzania Bara na theluthi mbili ya wabunge kutoka Zanzibar. Mwaka 2013, rasimu ya Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilipendekeza serikali tatu na mambo saba tu ya Muungano. Bunge Maalumu la Katiba liliacha pendekezo la serikali tatu mwaka 2014, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikufanyika.

Hata hivyo, mlango wa mazungumzo haukufungwa. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Petroli iliyoiruhusu Zanzibar kusimamia mafuta na gesi yake, na mwaka uliofuata Baraza la Wawakilishi likatunga sheria yake kuhusu suala hilo, ingawa mafuta yalibakia katika orodha ya Katiba.

Kwa mwananchi wa Kidichi, somo ni moja: kabla ya kulalamika, aulize kwanza jambo lake ni la nani. Shamba lina mlango wake, pasipoti ina wake, na jaa la taka lina wake.