Macho ya Mtoto Yakiwasha, Chunga Dawa Unayonunua

ASUBUHI moja ya siku ya soko hapa Katito, mama mmoja aliniletea mwanawe wa miaka 9. Macho ya mvulana huyo yalikuwa mekundu na hakuacha kuyafikicha. Lakini si mwasho uliomleta.

"Daktari, siku hizi anagonga vitu vilivyo kando yake," mama alisema.

Nilipomwuliza ametumia dawa gani, alifungua leso akanionyesha kichupa cha dawa ya matone. Alikuwa akiinunua dukani kwa miaka 2 bila cheti cha daktari, kwa sababu ilimtuliza mtoto siku iyo hiyo.

Ugonjwa wenyewe

Mtoto huyo ana mzio sugu wa macho, ugonjwa unaowapata watoto wengi katika sehemu zetu zenye joto na vumbi. Wavulana huupata zaidi, na kwa kawaida huanza kabla ya miaka 10. Hauambukizi.

Chanzo chake ni kinga ya mwili. Kinga ni kama askari wa kulinda boma dhidi ya vijidudu. Kwa watoto wengine askari huyu hukosea, akaliona vumbi au chavua ya maua kuwa adui. Seli zilizo katika utando wa ndani wa kope humwaga kemikali iitwayo histamini, na hapo macho huwasha, huvimba na kutoa machozi na makamasi yanayovutika kama uzi.

Kisha seli nyeupe za damu hukusanyika hapo na kukaa kwa miezi. Ukipindua kope la juu, utaona vinundu kama kokoto. Vinundu hivyo vinaweza kukwaruza konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na kuleta kidonda. Kufikicha kila siku nako kunaweza kuidhoofisha konea hata ikachongoka, na mtoto asione vizuri.

Hatari iliyo kichupani

Kile kichupa kilikuwa na dawa ya aina ya steroidi. Dawa hii humlaza yule askari, ndiyo maana nafuu huja upesi. Lakini ndani ya jicho mna maji ambayo hutoka daima kupitia vijitundu. Steroidi ikitumiwa kwa majuma kadhaa, inaweza kuziba njia hiyo. Presha ya jicho hupanda na kuua polepole mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Huo ndio ugonjwa wa glakoma. Mara nyingi hauna maumivu, na huanza kwa kula uwezo wa kuona pembeni. Steroidi pia yaweza kuleta mtoto wa jicho.

Steroidi si sumu. Daktari wa macho huitoa kwa siku chache mzio unapozidi, huku akipima presha ya jicho.

Ufanye nini?

Msomaji, mtoto akifikicha macho kila siku, mpeleke kwa mhudumu wa macho. Ziko dawa za matone zinazozuia histamini, na zinaweza kutumiwa muda mrefu kwa usalama zaidi. Nyumbani, mwoshe uso kwa maji safi na umwekee kitambaa baridi machoni. Soma lebo ya kila dawa: jina likiishia kwa "sone" au "solone", usiitumie bila agizo la daktari. Kama ameshaitumia muda mrefu, apimwe presha ya macho haraka. Na akiumwa na jicho, akiogopa mwanga au akipungukiwa na uwezo wa kuona, usingoje kesho.

Mvulana wetu nilimpeleka kwa wataalamu mjini Kisumu, na presha imeshuka. Lakini sehemu aliyoacha kuiona haitarudi. Jambo la kusikitisha ni kwamba mzio huu, kwa watoto wengi, huisha wenyewe baada ya kubalehe. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba mtoto anafika umri huo akiwa bado anaona.