Anayemmaliza Ngege Si Mbuta Peke Yake

Muulize mvuvi yeyote wa Sio Port au Budalang'i ni nani aliyemaliza samaki wa asili wa Ziwa Victoria, atakutajia mbuta. Ana haki. Mbuta alipandikizwa miaka ya 1950, anaweza kufikia kilo 200, na alipoongezeka upande wa Kenya kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 aliwafagia fulu, samaki wadogo wa mamia ya spishi ambao wengi wao hawakuwa wakipatikana kwingine duniani. Lakini habari ya ngege ni nyingine, nayo inatugusa zaidi sisi wa Kaunti ya Busia, kwa kuwa mshindani wake tunamfuga wenyewe.

Ngege ninayemsema ni yule wa asili, Oreochromis esculentus. Anayekaangwa hotelini Busia mjini leo ni tilapia wa Nile, mgeni aliyeingizwa ziwani miaka hiyohiyo ya 1950, wakati uvuvi ulikuwa umekwisha kumdhoofisha mwenyeji. Michael Graham, aliyelichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, aliona mapema kwamba nyavu zinamlemea ngege, akapendekeza matundu yasipungue inchi 5. Basi mgeni alimkuta mwenyeji hoi.

Samaki hawa wawili hawalani, wanapokonyana riziki. Ngege hutegemea zaidi mwani mdogo unaoelea majini. Tilapia wa Nile hula mwani huo, akaongeza wadudu na chochote kilichooza chini. Chakula kimoja kikiadimika yeye hugeukia kingine, ngege hana pa kugeukia. Isitoshe, mgeni hukua upesi na kuwa mkubwa, na jike kubwa hubeba mayai mengi zaidi mdomoni, maana wote wawili hulea watoto wao mdomoni. Pale kwenye maji ya kina kifupi wanapojenga viota, dume dogo hufukuzwa.

Linalonitia hofu kuliko yote ni kuzaana kwao. Spishi hizi mbili huchanganya damu, na mahuluti wao nao huzaa. Mvuvi hawezi kuona kitu kikipungua, nyavu zinajaa kama kawaida, huku ngege halisi akiyeyuka ndani ya kizazi cha mgeni. Hata katika Ziwa Kanyaboli, kwenye kinamasi cha Yala hapo jirani Siaya, ambako ngege alisalia baada ya kutoweka ziwani, vipimo vya jeni vimeonyesha alama za mchanganyiko huo.

Kinamasi chenyewe ni ngome nzuri dhidi ya mbuta. Chini ya mafunjo hewa ya oksijeni ni haba. Mbuta havumilii hali hiyo, fulu na ngege wanaiweza. Dhidi ya tilapia wa Nile ngome hiyo haifai kitu, naye ni mvumilivu.

Mlango wake mpya ni mabwawa yetu. Tangu mpango wa serikali wa kuchochea uchumi wa mwaka 2009, mabwawa yamechimbwa vijijini kote, na ni jambo jema kwa lishe na kipato. Tatizo ni Mto Nzoia unapofurika Budalang'i, bwawa na mto vikawa maji mamoja.

Tena kuna suala la Malaba. Kutoka Busia ni mwendo mfupi kwa matatu, lakini Mto Sio unaingia Victoria, wakati Mto Malaba unaelekea Uganda, kupitia Mpologoma hadi Kyoga. Mfuko mmoja wa vifaranga vya tilapia ukibebwa kwa boda boda unavuka mabonde mawili ya mito ndani ya asubuhi moja.

Mfugaji anaweza kuanza na haya: achimbe bwawa mbali na njia ya mafuriko, aweke wavu wa matundu madogo kwenye bomba la kutolea maji, na anapolikausha bwawa asimwage vifaranga vilivyobaki mtoni. Asitegemee vifaranga vya madume watupu pekee, kwa sababu majike wachache hupenya humo, na wachache hao wanatosha kuanzisha ukoo mtoni.